Frank Selke: Fundi wa umeme aliyelea chipukizi wa magongo ya barafuni

Katika mji wa Vanga, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, barafu ni kitu cha kuhifadhia samaki. Hupangwa ndani ya makasha pamoja na changu na kamba, na ikishayeyuka biashara ya siku nayo imekwisha. Mtoto wa Vanga akiambiwa kwamba ziko nchi ambako watu hufunga vyuma vyenye makali miguuni, wakateleza juu ya barafu hiyo hiyo huku wakigombea kisahani cha mpira kwa magongo, huenda akaangua kicheko. Hata hivyo, jambo moja la mchezo huo angelielewa bila kufunzwa. Wavuvi wa huko wanajua kwamba kamba na aina nyingi za samaki hawaanzii maisha katika maji makuu. Hulelewa kwanza katika vijito vya mikoko, kwenye kina kifupi ambako maadui ni wachache, hadi wapate nguvu za kutoka nje. Anayeifyeka mikoko leo huiona hasara yake baadaye, nyavu zinaporudi tupu.

Kanuni hiyo ndiyo iliyomfanya Frank Selke kuwa mmoja wa viongozi mashuhuri zaidi katika historia ya magongo ya barafuni nchini Kanada. Hakuwa mchezaji wa kutajika. Alikuwa mtu mfupi wa kimo, fundi wa umeme kwa kazi na mfugaji wa kuku wa mbegu bora kwa mapenzi. Alichowashinda wenzake ni kumtambua kijana mwenye kipawa, kumweka katika timu ndogo inayomfaa, kisha kumngoja.

Kwa wapenzi wa michezo wa Afrika Mashariki, neno magongo huwakumbusha zaidi mchezo wa nyasini, ule ulioipeleka Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956. Wa barafuni ulitufikia juzi tu, pale uwanja wa barafu ulipofunguliwa katika hoteli ya Panari jijini Nairobi mwaka 2005 na baadaye kuwa maskani ya timu ya Ice Lions. Lakini huko Kanada, ambako mito na mabwawa huganda miezi kadhaa kila mwaka, mchezo huo ni kama kandanda kwetu: hauhitaji kuhubiriwa.

Selke alizaliwa tarehe 7 Mei 1893 katika mji wa Berlin, jimbo la Ontario, mji ambao mwaka 1916, katikati ya vita dhidi ya Ujerumani, ulibadilishwa jina na kuitwa Kitchener. Wazazi wake walikuwa wahamiaji wa asili ya Kipolandi. Akiwa na umri wa miaka 13 tu, wakati wenzake waliwania nafasi ya kucheza, yeye alikuwa tayari meneja wa timu ya watoto iliyoitwa Iroquois Bantams. Kazi yake ilikuwa kutafuta wachezaji, kupanga mechi na kuhakikisha kwamba kila mmoja amefika. Kwa namna fulani, hakuwahi kuiacha kazi hiyo maishani mwake.

Alijifunza ufundi wa umeme, akahamia Toronto na kuwa mwanachama shupavu wa chama cha wafanyakazi wa fani yake. Mchana alikuwa fundi. Jioni na mwisho wa juma alikuwa mlezi wa vijana. Timu iliyompa jina ni Toronto Marlboros, ambayo chini ya uongozi wake ilitwaa Kombe la Memorial mwaka 1929, taji kuu la vijana nchini Kanada. Wakati huo Conn Smythe, mtu mkali mwenye makeke na mipango mikubwa, alikuwa amekwisha kuinunua klabu ya wakubwa ya jiji hilo mwaka 1927 na kuipa jina la Maple Leafs. Smythe alikuwa na klabu lakini alihitaji damu mpya. Selke alikuwa nayo. Kutoka Marlboros walipanda Charlie Conacher na Harvey Jackson, ambao pamoja na Joe Primeau waliunda safu ya ushambulizi iliyotikisa ligi nzima mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Mwaka 1931, dunia ikiwa katika dhiki kubwa ya uchumi, Smythe aliamua kujenga uwanja mpya wa Maple Leaf Gardens. Fedha hazikutosha. Hapo ndipo uanachama wa Selke katika chama cha wafanyakazi ulipoleta faida ambayo hakuna benki ingeitoa. Aliwaendea viongozi wa vyama vya mafundi na kuwashawishi wakubali asilimia 20 ya ujira wa wanachama wao ilipwe kwa hisa za uwanja. Kazi ikaanza, na baada ya takriban miezi mitano milango ikafunguliwa, tarehe 12 Novemba 1931. Msimu huo huo Maple Leafs wakanyakua Kombe la Stanley.

Kwa miaka mingi Selke alibaki msaidizi, mtu wa nyuma ya pazia, huku Smythe akipokea sifa. Vita vya Pili vya Dunia vilibadilisha mambo. Smythe alikwenda ng'ambo kama mwanajeshi na kumwachia Selke usukani. Machi 1943, Selke akishauriana na kocha Hap Day, alifanya uamuzi uliozua mtafaruku. Huko Port Colborne kulikuwa na mvulana wa miaka 17 aliyeitwa Ted Kennedy. Haki zake zilikuwa mikononi mwa Montreal Canadiens. Walikuwa wamempeleka katika jiji lao akiwa na miaka 16, akashikwa na upweke wa kuwa mbali na nyumbani, akarudi kwao. Selke alimchukua kijana huyo kwa kumtoa mlinzi chipukizi Frank Eddolls.

Smythe aliposikia habari hizo akiwa Uingereza alighadhibika. Mchezaji aliyempenda alikuwa ameondolewa bila yeye kuulizwa. Miaka iliyofuata ilionyesha nani aliyeona mbali: Kennedy alitwaa Kombe la Stanley mara tano akiwa na Maple Leafs, katika miaka ya 1945, 1947, 1948, 1949 na 1951. Lakini katika kazi za watu, kuwa na haki hakukuhakikishii nafasi. Smythe aliporejea, hali ya kuaminiana ilikuwa imevunjika, na mwaka 1946 Selke akajiuzulu. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Montreal Canadiens walimwajiri mwaka huo huo. Kwa mtu asiyejua mambo, ajira hiyo ilionekana kuwa ya kupumzikia, kwani Canadiens walikuwa wametoka kushinda Kombe la Stanley na walikuwa na mshambulizi hatari kuliko wote, Maurice Richard. Selke aliona vingine. Uwanja wa Forum ulikuwa mchafu, vyoo vyake vikinuka, na akaanza kwa kuusafisha na kuukarabati. Kisha akatazama nyuma ya kikosi cha kwanza, akakuta karibu patupu. Mabingwa walikuwa wakizeeka bila warithi. Akamwomba mwenye klabu, Seneta Donat Raymond, fedha na ruhusa ya kujenga mtandao wa timu tanzu kote nchini.

Inafaa kusimama hapa kidogo ili mtandao huo ueleweke. Tuchukue mfano wa karibu. Tuseme klabu moja kubwa ya kandanda ya Mombasa ingedhamini timu ya wavulana Vanga, nyingine Msambweni na ya tatu Ukunda. Ilipie viatu, jezi, makocha na nauli. Wavulana walio bora wa timu hizo wakifikisha miaka 17 wangepandishwa hadi timu moja ya vijana ya Kwale. Wangevuka hapo na kuingia timu ya pili ya klabu yenyewe, iliyo katika ligi ya chini, ambako wangecheza na watu wazima kila wiki. Nafasi ikitokea katika kikosi cha kwanza, kocha asingehangaika kutafuta mchezaji Nairobi au Tanga. Angepiga simu tu, na kijana angevuka kivuko cha Likoni jioni hiyo hiyo akiwa anaujua mtindo wa klabu tangu utotoni. Kwa sasa kijana wa Vanga anayelisakata gozi kwa ustadi hutegemea zaidi bahati ya kuonwa na mtu anayepita.

Hiyo ndiyo ngazi aliyoijenga Selke, ila yake ilivuka nchi yenye upana wa maelfu ya kilomita. Alidhamini timu za vijana katika jimbo la Quebec, akaenda Ontario, akapeleka mbegu hadi Winnipeg na Regina kwenye nyanda za magharibi. Juu ya timu hizo ziliwekwa timu za kati kama Montreal Royals na, kuvuka mpaka wa Marekani, Buffalo Bisons na Cincinnati Mohawks. Gharama ilikuwa kubwa, na kwa misimu kadhaa hapakuwa na kombe la kuwaonyesha mashabiki. Kutoka 1947 hadi 1952 Kombe la Stanley lilikwenda Toronto au Detroit. Meneja mwingine angenunua wachezaji waliokwisha kukomaa ili kunyamazisha kelele. Selke aliendelea kulipia timu za watoto.

Matunda ya kwanza yalianza kuiva mapema. Mlinzi Doug Harvey alipitia Montreal Royals, akashinda nao Kombe la Allan mwaka 1947, kisha akapanda Canadiens na kuwa mmoja wa walinzi bora waliowahi kuvaa viatu vya barafuni. Mwaka 1950 timu ya Junior Canadiens ilitwaa Kombe la Memorial ikiwa na mshambulizi Dickie Moore.

Kisa cha mlinda lango Jacques Plante kinaonyesha vizuri zaidi faida ya kungoja. Plante aliingia Montreal Royals mwaka 1949 na akakaa katika timu za chini kwa miaka kadhaa, kwa sababu Canadiens walikuwa na kipa, Gerry McNeil. Mwaka 1953, katika nusu fainali, Chicago waliongoza kwa mechi tatu kwa mbili. Wakishinda moja zaidi, Canadiens wangekuwa nje. Kocha Dick Irvin alimweka Plante langoni. Kijana huyo, ambaye wengi wa mashabiki hawakuwa wamemzoea, hakufungwa hata bao moja. Canadiens wakashinda mechi hiyo na iliyofuata, wakaenda fainali na kuwanyuka Boston. Likawa kombe la kwanza la Selke mjini Montreal, miaka saba baada ya kuwasili. Plante huyo ndiye aliyekuja kuwa kipa wa kwanza kuvaa kinyago mara kwa mara katika ligi hiyo, kuanzia Novemba 1959.

Jean Béliveau alimtoa Selke jasho zaidi. Kijana huyo mrefu, aliyekulia Victoriaville, alikuwa akichezea Quebec Aces katika ligi ya wakubwa isiyokuwa ya kulipwa rasmi. Mji wa Quebec ulimpenda, naye aliupenda. Alikuwa amekubali kimkataba kwamba akiingia soko la kulipwa ataingia kwa Canadiens, lakini hakuna kilichomlazimu kuingia. Selke alimbembeleza, akangoja, akambembeleza tena. Mwishowe, mwaka 1953, Canadiens walinunua haki za ligi nzima aliyochezea Béliveau na kuigeuza kuwa ya kulipwa, hivyo kijana akawa wao kwa mujibu wa ahadi yake mwenyewe. Oktoba mwaka huo alitia saini mkataba wa miaka mitano uliozidi dola 100,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Ni nadra kusikia kwamba mtu amenunua soko zima ili apate samaki mmoja. Béliveau alishinda Kombe la Stanley mara 10 akiwa mchezaji, na alikuwa nahodha kuanzia 1961 hadi 1971.

Ngazi hiyo ililea makocha na mameneja pia, jambo ambalo husahaulika. Toe Blake, aliyemrithi Irvin mwaka 1955, alikuwa amejifunza ukufunzi katika timu ndogo za Houston na Valleyfield. Sam Pollock alianza kwa kusimamia timu za vijana. Scotty Bowman alikuwa mchezaji chipukizi wa Junior Canadiens hadi jeraha la kichwa la mwaka 1952 lilipofifisha ndoto zake. Hakutupwa. Alipewa kazi ya kufundisha vijana, na mwaka 1958 yeye na Pollock waliiongoza timu tanzu ya Ottawa-Hull kutwaa Kombe la Memorial. Bowman alikuja kushinda Kombe la Stanley mara tisa kama kocha.

Kati ya mwaka 1956 na 1960 Canadiens walitwaa kombe hilo mara tano mfululizo, jambo ambalo hakuna klabu nyingine imeweza kulifanya. Kikosi hicho kilikuwa hatari kiasi kwamba ligi ilibadilisha kanuni. Hapo awali, mchezaji aliyetolewa kwa dakika mbili kwa sababu ya kosa alilazimika kuzimaliza zote, hata timu yake ifungwe mabao mangapi. Novemba 1955 Béliveau alifunga matatu katika muda wa sekunde 44 wapinzani wakiwa pungufu. Kuanzia msimu wa 1956-57, bao moja lilitosha kumrudisha uwanjani mchezaji aliyetolewa.

Mwandishi anayesimulia ushindi huo peke yake atakuwa hajasema yote. Wahenga wetu husema samaki mkunje angali mbichi, na klabu sita zilizounda ligi kuu enzi hizo ziliuchukua ushauri huo kwa maana isiyokuwa ya malezi tu. Kijana aliyetiwa saini fomu ya klabu, mara nyingi kwa kitita kidogo cha fedha na idhini ya wazazi, alifungwa na klabu hiyo. Hakuweza kwenda kwingine hata kama mbele yake kulikuwa na foleni ya mabingwa. Mwaka 1962 klabu ya Boston ilimpata Bobby Orr akiwa na umri wa miaka 14. Hiyo ilikuwa desturi ya ligi nzima, wala Selke hakuibuni. Lakini hakuna aliyeitumia kwa upana kumshinda.

Katika ligi ya timu sita, nafasi za wachezaji zilipita 100 kidogo tu. Selke alikuwa na timu tanzu zilizojaa vijana ambao wangeweza kucheza kwingineko. Wengine aliwauza, wengine walizeekea ngazi za kati. Willie O'Ree, mchezaji wa kwanza mweusi katika ligi hiyo, aliyeingia uwanjani mara ya kwanza akiwa na Boston tarehe 18 Januari 1958 katika Forum ile ile ya Montreal, alihamishiwa Canadiens mwaka 1961. Hakucheza kikosi cha kwanza hata siku moja. Alipelekwa Hull-Ottawa kwa mechi chache, kisha akauzwa Los Angeles, katika ligi nyingine.

Lililo zito zaidi ni la Doug Harvey. Mwaka 1957 wachezaji walijaribu kuunda chama cha kutetea haki zao, rais akiwa Ted Lindsay wa Detroit na Harvey akiwa makamu. Wamiliki waliupinga kwa nguvu, na kufikia mwaka 1958 ulikuwa umesambaratika. Lindsay aliuzwa mapema. Harvey alibaki hadi 1961, akashinda tuzo ya mlinzi bora mwaka huo, na papo hapo Selke akampeleka New York Rangers. Wapo walioamini kwamba umri ndio uliokuwa sababu, kwani alikuwa na miaka 36. Na wapo wengi walioona kwamba ni kile chama kilichomponza. Huko New York alishinda tuzo hiyo tena. Ni vigumu kutomkumbuka hapa yule fundi wa umeme wa mwaka 1931, aliyejenga uwanja mzima kwa kuaminiwa na vyama vya wafanyakazi. Mtu yule yule, alipokaa upande wa pili wa meza, aliona wafanyakazi wake walivyojipanga, na hakuwa nao.

Mfumo wenyewe haukudumu. Juni 1963, hapo hapo Montreal, ligi ilifanya zoezi la kwanza la klabu kuchagua chipukizi kwa zamu badala ya kuwafunga vijijini. Wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Garry Monahan, mvulana wa miaka 16, na klabu iliyomchagua ni Canadiens. Selke alistaafu mwaka 1964 na kiti chake kikachukuliwa na Sam Pollock. Udhamini wa timu za vijana uliondolewa katika miaka iliyofuata, na kufikia 1969 kila kijana aliyetimiza umri aliingizwa katika uchaguzi huo.

Selke alimalizia maisha yake Rigaud, magharibi mwa Montreal, akiwa na kuku wake. Alikuwa mfugaji makini aliyefuatilia nasaba ya kila jogoo, na haishangazi. Alifariki tarehe 3 Julai 1985 akiwa na umri wa miaka 92.

Miaka minane kabla ya kifo chake, ligi ilikuwa imeanzisha tuzo yenye jina lake kwa mshambulizi anayejua zaidi kukaba. Mshindi wa kwanza, mwaka 1978, alikuwa Bob Gainey wa Canadiens, aliyeichukua mara nne mfululizo. Gainey alizaliwa Peterborough, akachezea timu ya vijana ya mji huo, kisha akachaguliwa na Pollock mwaka 1973. Timu hiyo ya Peterborough ilianza mwaka 1956, enzi za Selke, ikiwa moja ya timu tanzu za Canadiens, na ilikuwa imehamishwa kutoka Kitchener, mji ambako mvulana wa miaka 13 aliwahi kuwa meneja wa Iroquois Bantams.